Maji ya Chupa Yananuka, Yana Ukijani au Chembe? Anza Kuichunguza Stoo

Mteja akirudisha chupa na kusema maji yananuka, lawama ya kwanza huenda kiwandani. Wakati mwingine ni haki yake. Lakini maji yakishafungwa yana safari ndefu mbele yake: gudauni, lori, duka la jumla, tuktuk, kibanda cha mabati, karai la barafu pale stendi, halafu kiti cha nyuma cha gari. Huku Kisumu, ambako joto la mchana hukaribia nyuzi 30 karibu mwaka mzima, kituo kimoja kibaya katika safari hiyo kinatosha kuyaharibu. Maji yenyewe hayaozi kama maziwa. Kinachobadilika ni plastiki, kifuniko, na vile vitu vidogo vilivyobaki ndani au vilivyopenya kutoka nje.

Kwa hiyo kabla ya kumpigia msambazaji kwa hasira, fanya ulinganisho. Soma namba ya toleo na tarehe, ambazo kwa kawaida huchapwa shingoni mwa chupa au karibu na kifuniko. Tafuta chupa nyingine yenye namba ileile kutoka duka la mtaa mwingine kabisa. Ya kwako ikiwa ya Kondele, tafuta ya Nyamasaria au ya katikati ya mji. Mimina zote kwenye glasi za kioo zisizo na harufu ya sabuni, kisha unuse na uonje. Zote mbili zikiwa na kasoro ileile, yaelekea tatizo lilitoka na maji kiwandani. Ikiwa ni ya duka moja tu, tatizo liko dukani au njiani. Mabishano mengi kati ya wenye maduka na wasambazaji yangeishia hapo, na watu wangebaki marafiki.

Yananuka mafuta ya taa, sabuni ya unga, rangi au dawa

Hili ndilo tatizo la uhifadhi ninaloliona kuliko yote, na ndilo watu hukataa zaidi kuliamini. "Chupa haijafunguliwa, harufu imepitia wapi?" Imepitia kwenye plastiki. Plastiki haizuii kila kitu kama kioo kinavyozuia. Mivuke ya mafuta ya taa, petroli, thina na manukato ya sabuni hupenya polepole, hasa kwenye kifuniko, ambacho mara nyingi ni cha plastiki laini kuliko chupa. Joto huharakisha jambo hilo. Karatasi ya nailoni inayofunga katoni nayo hunyonya harufu na kuishikilia.

Kujua harufu iko wapi, nusa mara tatu, kwa mpangilio huu. Kwanza nusa nje ya chupa kabla hujaifungua. Pili, fungua, weka kifuniko kando na ukinuse chenyewe kwa ndani. Tatu, mimina maji kwenye glasi ukiwa umesogea mbali na ile chupa, ndipo unuse glasi. Harufu ikiwa nje tu, chupa imechafuka juu. Kuipangusa na kuihamisha kunaweza kutosha. Ikiwa kwenye kifuniko na ndani ya glasi, maji yameshaingiliwa na hakuna dawa ya kuyarudisha. Kuyachemsha nyumbani si suluhisho. Usiyauze.

Kisha angalia duka. Katika maduka mengi ya Nyalenda na Manyatta, pipa la mafuta ya taa na pampu yake liko hatua mbili kutoka kwenye rundo la maji, kwa sababu yote ni vitu vya maji maji na vyote huwekwa chini. Sabuni huwekwa juu yake kwenye rafu. Kule Bungoma na Kakamega nimekuta maduka ya pembejeo yakiuza maji ya kunywa karibu na dawa za kuua wadudu wa mahindi. Hapo sishauri kusogeza maji kidogo; nashauri duka la dawa za kilimo lisiweke maji ya kunywa kabisa. Harufu ya mafuta ya taa angalau hukuonya. Si kila dawa ina harufu.

Kuhusu mitungi ya lita 20 inayojazwa upya: mtungi uliowahi kubeba mafuta ya taa, petroli au dawa haurudi kuwa wa maji. Plastiki imekunywa ile kemikali na itaendelea kuitoa kidogo kidogo hata baada ya kuoshwa mara nyingi kwa sabuni na majivu. Utie alama, ubaki wa kazi nyingine.

Ladha ya plastiki, au utamu wa ajabu kama tunda lililoiva sana

Chupa nyingi za nusu lita na lita moja ni za PET. Utaiona namba 1 ndani ya pembetatu kwenye kitako. Plastiki hiyo inapoyeyushwa ili ifinyangwe kuwa chupa, hutengeneza asetaldehaidi kidogo, na ndiyo yenye huo utamu wa tunda. Kiasi kinachoingia kwenye maji ni kidogo sana na kwa kiwango hicho hakihusishwi na ugonjwa, ila ulimi huigundua upesi. Chupa ikikaa kwenye joto, huingia zaidi.

Watu huniuliza zaidi kuhusu saratani. Ule ujumbe unaozunguka WhatsApp kwamba maji yaliyoachwa garini hutoa dioksini si wa kweli. Dioksini hutokana na kuunguza vitu, si na chupa iliyopata jua. Kinachotoka kweli kwenye PET ni antimoni, madini yanayotumika kuitengeneza. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 20 za antimoni kwa lita ya maji ya kunywa, na Marekani imeweka 6. Utafiti uliofanywa Arizona na kuchapishwa mwaka 2008 uliweka chupa kwenye joto la nyuzi 60 mfululizo: ilichukua siku 176 kufikia kile kikomo cha Marekani. Kwenye nyuzi 85, ilichukua siku 1.3 tu. Gari lililofungwa juani hupata joto kali, lakini halikai nyuzi 60 usiku na mchana kwa nusu mwaka. Chupa uliyoisahau garini leo asubuhi haitakudhuru. Ila funzo la namba hizo liko wazi kwa mwenye stoo: joto likipanda kidogo, kasi huruka sana. Lori la wazi lililokwama kwenye foleni ya mpaka Busia, kisha gudauni la mabati lisilo na dari wala tundu la hewa, kisha kibanda kinachotazama magharibi: hayo yakijumlishwa kwa miezi ndiyo tunayotaka kuyaepuka.

Mitungi mikubwa ya dispensa, ile migumu yenye namba 7 au herufi PC, ni jambo tofauti. Hiyo ni polikaboneti, na inaweza kutoa bisfenoli A, kitu kisichotumika kutengeneza PET. Uzee wa mtungi, mikwaruzo, maji ya moto na sabuni kali huongeza kinachotoka. Mtungi uliofifia ukawa kama una ukungu, au wenye nyufa nyembamba kama nywele, umemaliza kazi yake.

Stoo ya mabati inarekebishika bila gharama kubwa. Weka dari, hata ya mbao nyembamba. Acha nafasi ya hewa kupita chini ya paa. Rundo lisiguse ukuta unaopigwa na jua la jioni. Nunua kipimajoto cha bei nafuu, ukitundike pale juu ya rundo ambapo katoni ya mwisho inafika, usome saa tisa alasiri. Mlangoni kunaweza kuwa na upepo mzuri huku kule juu kunaungua.

Maji yamekuwa ya kijani

Weka karatasi nyeupe nyuma ya chupa. Ukiona kijani hafifu, au utelezi wa kijani kwenye upande mmoja wa ukuta wa chupa, huo ni mwani. Upande wenyewe utakuambia chanzo: ni ule uliokuwa ukitazama mwanga. Mwani huhitaji mwanga, na chakula kidogo tu kilichomo kwenye maji. Mtungi wa lita 20 ulio wazi, uliowekwa dirishani ili wateja wauone, ni mahali pazuri kabisa pa kuuotesha. Hutokea zaidi kwa maji ya kujaza upya kuliko kwa chupa ndogo zilizofungwa vizuri.

Maji hayo mwagia mimea. Mtungi usuguliwe kwa brashi ndefu na sabuni, usuuzwe, kisha utiwe dawa: kijiko kimoja cha chai cha dawa ya kufulia yenye klorini, isiyo na manukato, kwa kila lita ya maji ya kusuuzia. Zungusha iguse kila upande, ngoja angalau nusu dakika, mwaga, uache ukauke kwa hewa. Ile desturi yetu ya kutia mchanga au kokoto na kutikisa inaondoa utelezi kweli, lakini inaacha mikwaruzo ndani ambamo vijidudu hujificha, na safari ijayo utelezi unarudi mapema zaidi. Tafadhali, brashi.

Kuna chembe ndani

Nyeupe, zinazozama, na huonekana zaidi baada ya kugandisha au kuchemsha: mara nyingi ni chokaa ya maji magumu. Mimina maji polepole mpaka chembe zibaki kwenye kitako na maji kidogo, uzihamishie kijikoni, ukamulie ndimu au tone la siki. Zikitoa vipovu na kuyeyuka, ni chokaa, haidhuru.

Rangi ya kutu au nyeusi: chuma au manganizi kutoka kwenye kisima, ambayo hewa au ozoni ya kiwandani imeyageuza kuwa chembe. Hili si kosa la duka. Chembe hizo hujitokeza polepole baada ya kufungwa, ndiyo maana maji yanaweza kuondoka kiwandani yakiwa meupe na kufika kwako yakiwa na vumbi la kahawia. Rudisha.

Zinazoelea kama utando na kuteleza ukizigusa: ni mkusanyiko wa vijidudu. Usinywe wala usijaribu kuchuja kwa kitambaa.

Chupa imenywea, au imevimba

Hapa wengi hulaumu bure. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kisumu iko karibu 1,130. Chupa iliyofungwa Nakuru imebeba hewa nyepesi ya kule juu, na ikiteremka kwetu hewa nzito ya huku huibana. Mchana joto la Kisumu hupanua ile hewa ya ndani na chupa huonekana sawa, lakini alfajiri utaikuta imebonyea. Iliyofungwa Kisumu ikapandishwa Nakuru au Kericho hukakamaa, na ukiifungua hutoa pumzi. Kifuniko kikiwa na pete yake haijakatika, na maji yako kwenye usawa wake, hakuna kilichoharibika.

Ila kuna kunywea kwingine. Maji hupotea polepole sana kupitia ukuta wa PET kama mvuke, kwa hiyo chupa iliyokaa muda mrefu mahali pa joto hupungua na kubonyea hata kama haijasafiri. Linganisha usawa wa maji shingoni na chupa mpya ya aina hiyohiyo. Ikiwa umeshuka na hakuna unyevu kwenye kifuniko, umepata mzigo wa zamani uliosahaulika nyuma ya rundo. Angalia tarehe. Tarehe hiyo haina maana kwamba siku inayofuata maji yatakuwa sumu. Ni muda ambao mtengenezaji anasimama na ubora wake. Hata hivyo duka halipaswi kuuza mzigo uliopita tarehe, na dawa yake ni kupanga upya: uliotangulia kuingia utangulie kutoka.

Na mbonyeo wa chini ya rundo ni uzito tu. Katoni ya chupa 24 za nusu lita ina kilo 12 na zaidi. Ukipanga kumi, ile ya chini imebeba zaidi ya kilo 108, na kwenye sakafu yenye unyevu karatasi yake hulegea, vifuniko vinapinda na kuvuja. Weka kwenye chaga za mbao, usipange juu kupita mtengenezaji anavyoelekeza.

Harufu ya udongo au ya uvundo

Rudi kwenye ule ulinganisho wa maduka mawili, kwa sababu hapa ndipo unapofaa zaidi. Ladha ya udongo inaweza kutoka kwenye maji ya ziwa: Ghuba ya Winam hupata mlipuko wa mwani mara kwa mara, na baadhi ya aina zake hutoa kitu chenye harufu ya ardhi iliyonyeshewa, ambacho kisipochujwa kwa makaa maalumu hupita hadi kwenye chupa. Maduka yote yatakuwa nacho. Uvundo wa duka moja tu, hasa mvua za Aprili na Mei, hutokana na katoni zilizolowa na chaga zilizoota ukungu. Toa zote nje, choma au tupa karatasi iliyooza, kausha sakafu.

Maji yasiyo na harufu lakini "yamepooza" mdomoni ni kitu kingine: huenda yamechujwa mpaka madini karibu yote yametoka. Yamimine kutoka glasi moja hadi nyingine mara kadhaa yapate hewa. Hayana kasoro.

Chupa zilikuwa safi, lakini watu wameharisha

Mwenye kuharisha kwanza apewe maji ya chumvi na sukari ya hospitali, yaani ORS, na akizidiwa au akitoa kinyesi kama maji ya mchele apelekwe kituo cha afya mara moja. Kipindupindu si kigeni kwa Kisumu wala Homa Bay. Kisha tafuta chanzo, ukianza na mahali mikono na vyombo vilipogusa maji.

Karai la barafu. Chupa imetoka juani ikiwa na joto. Ikitumbukizwa kwenye maji ya barafu, hewa ya ndani hujikunja na kuvuta. Kifuniko kikiwa kimelegea hata kidogo, maji ya karai huingia. Na hata kisipovuja, mnywaji anaweka mdomo pale pale penye maji ya karai, ambayo yameguswa na mikono ya kila mnunuzi tangu asubuhi, na barafu yenyewe hujui imetengenezwa kwa maji gani. Pangusa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi kabla ya kufungua. Muuzaji akiweza, aweke chupa juu ya barafu ndani ya sanduku, zisielee ndani ya maji.

Dispensa. Watu hubadilisha mtungi kwa miaka bila kuosha tangi lililo chini yake. Fungua bomba la baridi, pitisha kidole safi ndani ya mdomo wake. Ukihisi utelezi, mashine ndiyo mgonjwa. Zima stima, mwaga tangi zote, osha kwa ile dawa ya klorini, suuza mpaka harufu iishe. Kwa joto letu mimi napendekeza kila mwezi. Futa pia shingo ya mtungi mpya kabla ya kuupindua; ile shingo ilikuwa imekumbatiwa na mwendesha boda boda.

Mafuriko. Ahero, Nyando na Budalang'i, katoni za maji zikizama, wenye maduka huzianika na kuziuza. Naelewa hasara, lakini chupa yenye kifuniko cha kuzungusha iliyozamishwa na mafuriko haifai. Uchafu huingia kwenye mikunjo ya kifuniko na hakuna namna ya kuufikia. Ikiwa maji salama hayapo kabisa, chemsha: dakika moja ya kutokota kwa nguvu huku chini, dakika tatu kwa walio juu ya mita 2,000.

Na chupa uliyonywea kwa mdomo, imalize siku hiyo.

Kile ambacho stoo haina lawama nacho

Meno ya watoto yenye madoa ya kahawia, hasa Nakuru na kwingine Bonde la Ufa, ni floridi ya ardhini. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Floridi haiongezeki kwa jua wala haipungui kwa kivuli, na kuchemsha huizidisha kwa kuwa maji hupungua nayo hubaki. Ukiwa unanunua maji ya kujaza upya Nakuru, muulize mwenye kituo kama anaondoa floridi na kwa njia gani, na akuonyeshe matokeo ya maabara.

Ulinganisho ukionyesha kosa ni la kiwanda, au unashuku chupa zimejazwa mtaani na kufungwa upya, angalia alama ya ubora ya KEBS, yaani Shirika la Viwango la Kenya, na namba ya kibali chini yake. Tuma neno SM, alama ya #, kisha namba hiyo kwenda 20023, nawe utajibiwa ni ya kampuni gani. Jina lisipolingana na lebo, piga 1545, laini ya bure ya KEBS, au mwone afisa wa afya ya umma wa kaunti. Mwekee angalau chupa mbili za toleo lilelile ambazo hazijafunguliwa, mahali pa baridi pasipo mwanga, pamoja na risiti. Usizifungue ili kuhakikisha tena. Ikishafunguliwa, haiwezi kuthibitisha lolote kuhusu aliyeifunga.